Mwana akishtakiwa Marekani, wakili kwanza

Simu ikija kuwa mwana amekamatwa Marekani, sisi huanza na mchango. Mimi nasema tuanze na neno: asihojiwe na wapelelezi bila wakili. Kunyamaza ni haki yake kikatiba.

Kule kuna mahakama za majimbo na za serikali kuu. Kesi ikiwa ya serikali kuu, wakili wa jimbo aliyezoea makosa ya trafiki hatoshi. Muulizeni ameshughulikia kesi ngapi za mahakama hiyo, na kama ada yake inafika hadi hukumu au rufaa ni malipo mengine.

Asiye na uwezo huwekewa wakili na mahakama, kwa sheria ya mwaka 1964. Msimdharau kwa kuwa ni wa bure. Wengi wao kazi yao ya kila siku ni kesi hizi.

Asiye raia asikubali kosa kabla ya kuuliza: je, nitarudishwa kwetu? Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kuwa wakili ana wajibu wa kumweleza. Kifungo kina mwisho. Kufukuzwa nchini huenda kukawa kwa maisha.