Nukta, Kiulizi na Kiimbo: Historia ya Aina za Sentensi katika Ufundishaji wa Kiswahili Bujumbura

Ikisiri

Kiswahili kiliishi Bujumbura kwa takribani karne moja kikitegemea zaidi mdomo kuliko daftari. Makala haya yanadai kwamba historia hiyo ndiyo sababu ya kufundisha alama za kumalizia sentensi kama sehemu ya sarufi, si kama pambo la mwandiko.

1. Lugha iliyofika kwa sauti

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo Ujiji walikieneza Kiswahili kando ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoanzisha kituo cha kijeshi Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, walikitumia Kiswahili katika utawala kama walivyofanya kwingineko katika koloni lao la Afrika Mashariki. Baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, Kifaransa kilishika ofisi na elimu ya juu, nacho Kirundi kikashika mafundisho ya dini na elimu ya awali. Kiswahili kilibaki sokoni, bandarini na katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza. Hivyo mzungumzaji wa mjini alikuwa hodari wa kuuliza, kuamuru na kushangaa kwa Kiswahili, lakini kuandika alijifunza kwa lugha nyingine.

2. Alama zilizotoka kwingine

Hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazikuwa na kiulizi. Msomaji alitambua swali kwa maneno na muktadha. Nukta, kiulizi na alama ya mshangao ziliingia pamoja na herufi za Kilatini, katika vitabu vya wamisionari kama Edward Steere, aliyetoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia usanifishaji wa lugha iliyokwisha kuzipokea alama hizo.

Mwanafunzi wa Bujumbura, hata hivyo, alizipata alama hizo kupitia Kifaransa, pamoja na desturi zake. Kifaransa huacha nafasi kabla ya kiulizi na kabla ya alama ya mshangao. Kiswahili sanifu hakiachi. Tofauti kubwa zaidi ni ya kisarufi. Kifaransa kinaweza kuonyesha swali kwa kugeuza mpangilio wa maneno, na Kirundi kinaweza kulitanguliza neno *mbega*. Kiswahili kina *je*, lakini si lazima litumike. Tazama mfano huu:

(a) Mwalimu amefika.
(b) Mwalimu amefika?

Hakuna neno lililobadilika. Katika mazungumzo, kiimbo hutenganisha taarifa na swali. Katika maandishi, kazi hiyo yote inabebwa na alama moja.

3. Aina ya sentensi na alama yake

Ni kawaida kufundisha kwamba kila aina ya sentensi ina alama yake: taarifa nukta, swali kiulizi, amri na mshangao alama ya mshangao. Kanuni hiyo ni rahisi kukariri, lakini haitoshi. "Fungueni madaftari." ni amri tulivu, nayo humalizika kwa nukta, "Tokeni, moto!" inahitaji alama ya mshangao. "Aliuliza kama soko limefunguliwa." inataja swali bila kuuliza, kwa hiyo haina kiulizi. "Unaweza kunipisha?" ina umbo la swali, ingawa msemaji anaomba njia. Kinachoamua alama ni dhamira ya msemaji na umbo la sentensi kwa pamoja.

4. Athari kwa sera

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na katika kipindi hicho Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi. Miaka hiyohiyo wakimbizi wengi walirejea kutoka Tanzania wakiwa na Kiswahili. Darasa moja la mjini linaweza basi kuwa na mtoto wa Buyenzi, mtoto wa familia iliyorejea na mtoto aliyekulia katika Kirundi pekee. Wawili wa kwanza wana kiimbo bila alama. Wa tatu anahitaji vyote viwili.

Suala hili halimaliziki darasani. Katika barua ya ofisi, "Malipo yamepokelewa." ni uthibitisho, "Malipo yamepokelewa?" ni dai linalosubiri jibu. Raia asiyeweza kuzitofautisha anaweza kupoteza haki yake kwa sababu ya alama moja.

5. Hitimisho

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, somo lianze sikioni: sentensi moja isomwe kwa viimbo tofauti kabla ya alama kuandikwa. Pili, *mbega* na *je* vilinganishwe waziwazi, kisha mwanafunzi azoezwe kuandika swali lisilo na *je*. Tatu, vitabu viachane na kanuni ya alama moja kwa kila aina ya sentensi. Bujumbura haikosi wasemaji wa Kiswahili. Kilichochelewa ni daraja kati ya sauti yao na maandishi.