Shule ya Upimaji na Ufuo wa Kamanga

Mwaka 1956 ilianzishwa Mgulani, Dar es Salaam, shule ya kufundisha mafundi wa upimaji ardhi. Mwaka 1958 ikahamia Observation Hill, ilipo hadi leo. Sisi wa Kamanga, tunaoitazama Mwanza ng'ambo ya ghuba, tunayo sababu yetu ya kuiadhimisha.

Kabla ya shule hiyo ufuo huu ulichorwa na wageni. John Hanning Speke aliliona Ziwa Victoria Agosti 1858, akaishia kusini. Machi 1875 Henry Morton Stanley aling'oa nanga Kageye, akalizunguka kwa mashua katika muda usiotimia miezi 2. Ghuba ya mashariki ikapewa jina la Speke. Hii yetu ramani za Kizungu zikaiita Smith Sound, jina lisilojulikana na mvuvi yeyote wa hapa.

Lakini mashuani huwezi kujua mto unatokea wapi. Mpima hupanda kilimani na theodolaiti, akapima pembe hadi bikoni, yaani alama ya upimaji, ya kilima kingine, kisha kingine, mpaka nchi imefungwa kwa pembetatu. Martin Hotine alifanya hivyo Tanganyika kati ya 1931 na 1933, kufuata longitudo ya nyuzi 30. Mwaka 1946 akawa mkuu wa idara mpya ya Uingereza ya kupima makoloni. Kwa kazi hiyo ndege zilipiga picha za anga, na kutokana na picha hizo zikachorwa ramani za 1:50,000, ambazo sentimita 1 yake ni mita 500 za ardhi.

Lakini picha haisemi mto unaitwaje, wala kama hukauka kiangazi. Lazima mtu ashuke, aufuate kwa miguu, awaulize wazee. Anayeuliza na kujibiwa bila mkalimani hurudi na majina sahihi, na kwangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya shule ile ya kufundisha mafundi wa hapa nchini.

Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Ardhi, 1996 ikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 ikawa Chuo Kikuu Ardhi.

Kazi bado ipo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuivuka rekodi ya 1964, maji yakaingia majumbani na mashambani. Ramani za 1:50,000 hazikuweza kutuonya: mistari yake ya mwinuko huachana kwa zaidi ya mita 10, na ziwa likipanda mita 1 au 2 halionekani humo. Vipokezi vya setilaiti husoma mwinuko kwa sentimita. Naomba wapima wetu waanze navyo huku, Kamanga na kwenye mdomo wa mto Simiyu, kabla watu hawajajenga tena palepale.