Kutengemaza Pingili za Shingo

Mwenye mbwa akiambiwa mnyama wake anahitaji "kuimarishwa uti wa shingo", hudhani mifupa ni dhaifu na inataka kuongezewa nguvu. Sivyo. Mfupa unaweza kuwa mgumu kabisa, ila hautulii mahali pake. Ndiyo maana napendelea kitenzi kutengemaza. Hospitalini tumeshazoea kusikia kwamba hali ya mgonjwa imetengemaa, na hapa kinachotakiwa kutengemaa ni pingili.

Chukua pingili mbili za kwanza, atlasi na aksisi, kati ya saba za shingo ya mbwa au paka. Baina yao hakuna diski. Zinashikiliwa na kano pamoja na kijino cha mfupa kinachochomoza kutoka aksisi na kuingia ndani ya atlasi. Baadhi ya mbwa wadogo, kama Yorkshire Terrier na Chihuahua, huzaliwa kijino hicho kimedumaa au hakipo. Hapo pingili hucheza kama jino lililolegea. Mbwa akiinamisha kichwa, aksisi huinuka na kubana ugwe mgongo. (Nasema ugwe kwa makusudi: "uti wa mgongo" umekwisha kubebeshwa mifupa, neva, hata homa.) Mbwa hulia kwa maumivu ya shingo, huyumba, hupooza miguu yote minne, na ugwe ukibanwa sana pumzi hukatika. Paka hupatwa kwa nadra.

Kwa njia inayotumika sana, daktari hupasua upande wa koo, akisogeza kwa uangalifu bomba la hewa na umio. Hukwangua gegedu kwenye viungio, hurudisha pingili mahali pake, huzikaza kwa skrubu au pini, na mara nyingi hufunika vichwa vya vyuma hivyo kwa saruji ya mifupa. Vyuma huzuia mwendo tu. Wa kumaliza kazi ni mfupa wenyewe, unapoota kupitia viungio vilivyokwanguliwa hadi pingili mbili ziwe moja. Basi tusichanganye kutengemaza, kunakofanyika siku ya upasuaji, na kuunganika kwa mifupa, kunakochukua wiki nyingi. Mwenye mbwa asipoelezwa tofauti hiyo, humwachia akimbie mara anapomwona ametembea, na skrubu huweza kung'oka.

Tukiitaja tiba hii ya vyuma, tuseme "kutengemaza kwa upasuaji"; maneno hayo mawili ya mwisho yasiachwe, kwa kuwa banzi la shingo pamoja na kumfungia mbwa apumzike vilevile ni kutengemaza, na kwa wagonjwa wengine daktari huanzia hapo.