Picha za Mababu na Mwanga Usioonekana

Mwaka 1998 nilisimama ufukweni Mbamba Bay, wakati huo ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbinga, kabla Wilaya ya Nyasa haijaanzishwa mwaka 2012. Kamera yangu ilikuwa na filamu ya infraredi, inayonasa mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao jicho halioni. Kodak waliacha kuitengeneza yao mwaka 2007.

Nilifunga chujio jekundu mbele ya lenzi. Tatizo lilikuwa kipima mwanga, kwani hupima mwanga unaoonekana tu. Basi nilikiweka kwenye ASA 50, nikapima bila chujio, nikapata f/11 kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kwa tahadhari nikapiga mbili zaidi, moja kwa mwanga mwingi, nyingine kwa mchache.

Filamu iliposafishwa, ziwa lilikuwa jeusi na majani ya miembe meupe kama pamba. Kijana mvuvi, mweusi wa kung'aa, alitoka amepauka kama nta. Nilipompelekea picha akacheka: "Kaka, huyu si mimi!"

Nikamkumbuka Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, aliyezunguka pande za Nyasa mwishoni mwa karne ya 19. Kitabu chake kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma na watu wake, chenye picha nyingi, kilitolewa Berlin mwaka 1906. Sahani za kioo za enzi hiyo kwa kawaida ziliiona sana bluu, lakini wekundu hazikuuona. Ngozi ya kahawia hurudisha wekundu mwingi na bluu kidogo. Hivyo nyuso zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa, sura zikazama gizani, na anga likabaki jeupe tupu. Mpiga picha akiongeza muda ili uso uonekane, nguo nyeupe ziliungua. Aliyezitazama Ulaya bila kujua hayo angedhani ndivyo mababu zetu walivyokuwa.

Sahani ilituongezea weusi. Filamu yangu ikatupunguzia. Kila moja ilieleza mwanga iliouona. Kwa hiyo tunapokuta picha za kale, tusikimbilie kusema, "Hivi ndivyo walivyokuwa." Tuulize kwanza: kioo kiliona rangi gani, na nani aliamua kiasi cha mwanga? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.