Kidole cha Bela, kioo cha simu

Mwezi uliopita niliweka kwenye simu yangu programu moja ya bure ya kuchora. Nilikuwa na sababu. Nkambo yangu alikufa bila kuacha hata picha moja, na mama alianza kusema kwamba sura ya baba yake inamtoroka. Nikajiambia: nijaribu kumchora, wakati wenye kumkumbuka wangalipo.

Programu ina burashi na rangi nyingi, tena ina matabaka: unachora uso kwenye tabaka moja na nguo kwenye lingine, moja haliharibu lingine. Lakini kalamu ya kuchorea kwenye kioo sina. Nilitumia kidole, nikaona haya, sawa vile mtoto mwenye kucheza na majivu.

Njo hapo nikamkumbuka muzee Bela. Mwaka 1946, hapa Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji yenye watu waliita Hangar. Hakutaka wachoraji wake waige picha za Ulaya. Kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na majani. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi. Bela, aliyetoka Chad, alichora kwa ncha za vidole, na kazi yake ikajulikana paka Ulaya. Kumbe kidole si aibu.

Kisha kuna Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora picha 101 za historia ya nchi yetu, nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Kila picha alimweleza mtafiti Johannes Fabian kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Kwake, kuchora kulikuwa kazi ya mwanahistoria.

Sasa angalia tarehe. Mwaka ule ule wa 1973, huko California, Richard Shoup alikuwa anatengeneza SuperPaint katika maabara ya Xerox, moja ya programu za kwanza za kuchora kwa rangi kwenye kompyuta. Leo kazi ya mashine ile kubwa imeingia mfukoni mwangu. Lakini Tshibumba, na gunia lake la unga, alikuwa na kitu chenye programu haiwezi kukupa: alijua anachotaka kusema.

Mimi bado. Shida yangu ilikuwa kile kifungo cha kurudi nyuma. Kila mstari wenye kunitia wasiwasi niliufuta. Siku tatu zikapita, kioo paka cheupe.

Siku ya nne nikamwita mama akae karibu.

“Mama, masikio yake yalikuwa namna gani?”

Akacheka. “Makubwa! Kofia ya kazi ilikuwa inayalalia.”

Nikachora. “Hapana, mwanangu, pua si vile.” Safari hii sikufuta. Nilifungua tabaka jipya, la zamani nikaliacha chini. Kufika usiku tulikuwa na matabaka 11, na habari zenye sikuwahi kusikia: mshahara wake wa kwanza, redio aliyonunua, siku aliyotembea na miguu kutoka kazini ju ya mvua, akificha mkate ndani ya shati.

Mama aliangalia picha muda mrefu. “Si yeye kabisa,” akasema. “Lakini macho, njo ya kwake.”

Tumesoma historia kwa tarehe na majina ya wakubwa, na ni vizuri. Ila historia ya nkambo zetu hakuna mtihani utakaoiuliza. Kama kwenu kuna muzee angali anakumbuka, kaa naye leo na simu yako. Kidole kinatosha. Na usifute haraka.