Dhima ya Msanii kwa Watu Baki

Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili shuleni amewahi kuulizwa dhima ya msanii katika jamii, na majibu anayo kichwani: kuelimisha, kuburudisha, kukosoa, kuhifadhi utamaduni. Sasa msanii huyo aalikwe Uingereza kupiga ngoma kwenye tamasha, na wenyeji wake wamtake aonyeshe cheti cha bima ya dhima kwa umma. Majibu ya darasani hayamfai kitu hapo. Dhima inayotajwa ni ile ya wanasheria na wahasibu: jambo lililo shingoni mwa mtu, ambalo akidaiwa hana budi kulijibu.

Neno “umma” nalo lina mtego wake. Siku hizi limezoea kukaa karibu na serikali: mtumishi wa umma, fedha za umma, mashirika ya umma. Anayesikia “bima ya umma” hudhani ni mpango wa serikali, au kwamba watazamaji ndio waliokatiwa bima. Wanachokiita Waingereza public liability insurance ni kitu kingine. Msanii hukata bima hiyo ili, ikitokea kwamba kwa uzembe wake mtu ameumia au mali ya mtu imeharibika, kampuni ya bima ilipe fidia ambayo yeye angedaiwa. Kinachokingwa ni mfuko wa msanii. Aliyeumia hunufaika kwa sababu sasa yupo wa kumlipa. Mwenye daladala hahitaji maelezo marefu, maana anaijua bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na kuliacha gari lako lilivyo.

Lakini kwa nini mpiga gitaa adaiwe na mtu ambaye hakuandikiana naye chochote? Jibu la sheria ya Uingereza linapitia kwenye chupa ya soda. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi, na alidai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mwenye duka wala na kiwanda. Hata hivyo, mwaka 1932 majaji wengi wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa, walikubali kwamba mtengenezaji anapaswa kuchukua tahadhari kwa ajili ya mtu ambaye anaweza kuona mapema kuwa ataguswa na kazi yake. Mahakama za Kenya na Tanzania, zilizorithi sheria ya Kiingereza, zinaitumia kanuni hiyo mpaka leo.

Ichukue kanuni hiyo uipeleke ukumbini. Waya wa spika umevutwa kukatiza njia ya kuelekea chooni, haukubandikwa utepe wala kufunikwa zulia. Taa zimepunguzwa. Bibi mmoja anajikwaa, anavunjika nyonga. Mkataba wa bendi ni wa bendi na hoteli, bibi hamo. Lakini aliyetandaza waya angeweza kabisa kuona kwamba watu watapita, kwa hiyo dhima ni yake. Zitadaiwa gharama za matibabu, fidia ya maumivu na ya kipato kilichopotea, na ada za mawakili. Hizo za mwisho watu huzisahau. Bima nyingi za aina hii hugharimia pia kumtetea msanii, hata pale ambapo madai hayana msingi, na mimi naona hapo ndipo penye faida kubwa, kwa kuwa hata kesi ya uongo hujibiwa kwa wakili.

Aliyeajiriwa hana wasiwasi mkubwa, kwani kosa alilofanya kazini kwa kawaida hujibiwa na mwajiri. Wa kujitegemea ni yeye na begi lake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1969 inawalazimisha waajiri kuwa na bima ya wafanyakazi wao isiyopungua pauni milioni 5, lakini kwa ujumla hakuna sheria inayomlazimisha msanii kuikata hii ya watu wa nje. Wanaombana ni wenye kumbi, waandaaji wa matamasha na halmashauri za miji. Ndiyo maana vyama vya huko vimeifanya kuwa sehemu ya uanachama: Equity, chama cha waigizaji na watumbuizaji, na Musicians' Union cha wanamuziki, vyote huwapa wanachama kinga ya hadi pauni milioni 10. Vyama vyetu vya wasanii vingeweza kununua bima ya pamoja namna hiyo, kwa sababu hatari ikigawanywa kwa mamia ya watu mchango wa mmoja hupungua.

Bima hii ina mipaka. Ukivunjika mguu wewe mwenyewe, hailipi. Gitaa lako likiibwa, hailipi. Onyesho likifutwa, vivyo hivyo, na mchekeshaji akimkashifu mtu jukwaani asiitegemee. Wanasarakasi wanaocheza na moto katika hoteli za pwani yetu waangalie zaidi, maana moto, kupanda juu na wanyama ni mambo ambayo kampuni nyingi huyaondoa kwenye mkataba usipoyataja mapema na kuyalipia.

Kuna sharti moja linalogongana na malezi yetu: mwenye bima asikiri kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuiarifu kampuni. Mswahili akiona mtu ameanguka, “pole” hutangulia mawazo. Pole haina neno. Ni ya huruma, hata anayepiga chafya huipata. Kwa England na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba kuomba radhi, peke yake, si kukiri uzembe. La hatari ni “kosa langu, nitakulipa.” Mpe pole, mwite daktari, piga picha pale alipoangukia, andika majina ya walioona, kisha ipigie simu kampuni siku hiyo hiyo.

Kuhusu jina, “bima ya dhima kwa umma” ni sahihi na itabaki kwenye nyaraka. Mimi ningependelea “bima ya dhima kwa watu baki”. Mtu baki ni yule asiye wa nyumbani mwako, na mipaka ya bima hii ndiyo hiyo hiyo: si wewe, si waajiriwa wako, bali yule wa nje uliyemdhuru. Kwa jina lolote utakaloikuta, usitie saini kabla hujasoma ukurasa wa mambo yasiyolipwa.