Musoma "Hamna Kitu"? Kumbe Kila Kero Ina Tarehe Yake

Kila Desemba lazima umuone. Yule dada wa mjini mwenye wafuasi kibao, miwani mpya, kofia ya kisafari, kapanda basi kutoka Mwanza na kaandika "Serengeti, nakuja." Siku nne mbele kaposti picha ya ziwa ambalo yeye mwenyewe hajatia hata mguu, jiwe kubwa nyuma yake, na maneno mawili tu: "Hamna kitu." Chini ya picha watu wanacheka mpaka basi. Jina lake halina umuhimu maana hayuko peke yake. Wapo wa kike na wa kiume, wapo mastaa wa Bongo Fleva na wapo ambao hata mtaani kwao hawajulikani.

Kero zao zinafanana utadhani wamenakiliana. Bunda hakuna nyumbu. Musoma kuna ziwa lakini hakuna meli ya kupanda. Butiama ni nyumba, kaburi na mawe. Na kote huko ni vumbi, pamoja na safari ambayo ukishuka kwenye basi miguu haiko yako.

Sasa kuna kitu ambacho wageni hawa huwa hawaambiwi. Karibu kila kero kati ya hizo ina tarehe. Kuna siku ilianza, na kuna watu walikaa mezani wakaamua. Mkoa wa Mara haukuzaliwa mwisho wa barabara. Uliwekwa huko.

Bunda: nyumbu hawajui Krismasi

Ile nyepesi kwanza. Geti la Ndabaka liko kando kabisa ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, wilayani Bunda. Hapo ndipo Serengeti inapolisogelea Ziwa Victoria, kwenye ule mkia wake mrefu wa magharibi. Mtu akiona kibao cha hifadhi kupitia dirisha la basi anajua mambo yameiva, kesho ni picha na nyumbu milioni.

Shida ni kwamba nyumbu wana kalenda yao. Mwisho wa mwaka mpaka Machi wanakuwa kusini, kwenye nyasi fupi za upande wa Ndutu na Ngorongoro, na Februari ndiyo wanazaa kwa wingi. Huku magharibi, kwenye mto Grumeti wenye mamba, wanafika Mei na Juni hivi. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wako kaskazini wakihangaika kuvuka mto Mara. Kwenda Ndabaka sikukuu ya Krismasi kutafuta nyumbu ni kama kwenda uwanjani siku ambayo hakuna mechi. Utaona twiga, utaona pundamilia, lakini ule mzigo uliouona kwenye video uko mbali sana.

Na basi haliingii nawe getini. Ndani unatakiwa uwe na gari, na hapo ndipo wengi mfuko unapogoma. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje. Gari ndilo linaloua bajeti.

Hiyo kero ya nyumbu ni ya kutouliza tu. Zinazofuata ndizo zenye historia.

Februari 1977: siku mlango wa nyuma ulipofungwa

Sehemu kubwa ya Serengeti iko mkoa wa Mara. Hata Seronera, kitovu cha hifadhi, ni Mara. Lakini muulize mtu yeyote njia ya Serengeti, atakwambia Arusha. Kwa nini?

Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 mtalii wa Ulaya alikuwa anatua Nairobi. Anapakiwa kwenye gari, anatembezwa Maasai Mara, anavuka mpaka pale mto Sand upande wa Kenya na Bologonja upande wa Tanzania, anaingia Serengeti kwa kaskazini. Akimaliza anashuka Ngorongoro, halafu anarudi Kenya kupitia Namanga. Mzunguko mmoja, nchi mbili, wala hakuna aliyeona ajabu.

Dar haikufurahi. Wanyama ni wa Tanzania, lakini tiketi ya ndege, gari, dereva na hoteli ya kwanza na ya mwisho vyote vilikuwa vya Nairobi. Ndiyo maana Desemba 1971 ulifunguliwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ili mgeni atue moja kwa moja hapa nyumbani. Uwanja ukawekwa kati ya Moshi na Arusha. Kuanzia hapo mlango wa mbele wa Serengeti ukawa mashariki, na Mara ikabaki na mlango wa nyuma.

Huo nao haukudumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa inapumulia mashine. Idi Amin alichukua Uganda Januari 1971, na Mwalimu Nyerere akagoma kukaa naye meza moja. Kenya na Tanzania nazo zilikuwa zinagombania fedha na siasa, huyu bepari, huyu mjamaa. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja, East African Airways, likafa, na ndege nyingi zikabaki Nairobi. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya kitalii ya Kenya yaliyokutwa huku yakazuiwa. Kesho yake, tarehe 5, CCM ikazaliwa. Ndiyo maana wiki ile wengi wanaikumbuka kwa ajili ya chama, na habari ya mpaka imebaki kwa wachache.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya nchi tatu kukubaliana namna ya kugawana mali za Jumuiya. Ila Bologonja haikurudi kuwa njia ya watalii. Mpaka leo mgeni aliyeko Maasai Mara anaziona nyasi za Serengeti kwa macho, lakini akitaka kuzifikia kwa gari lazima azunguke Namanga au Sirari.

Na rais aliyekuwa madarakani siku mpaka unafungwa ni nani? Mtoto wa Butiama, Julius Kambarage Nyerere. Mlango wa nyuma wa mkoa wa Mara ulifungwa na mtu wa mkoa huohuo.

Musoma: meli zilikuwepo

Ukifika Musoma leo, ukatembea barabara ya Mukendo mpaka mwisho, ziwa linakukumbatia pande zote. Mji umekaa kwenye ulimi wa ardhi ulioingia majini. Kwa macho tu, ni mji uliotengenezwa kwa ajili ya kula bata. Ndiyo maana mgeni anashangaa: mbona hakuna meli?

Zilikuwepo. Enzi za shirika la pamoja la reli na bandari, meli zilikuwa zinalizunguka ziwa lote: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell ya Uganda. Mwaka 1961 ikaja meli ya Victoria, fahari ya ziwa zima kwa wakati ule. Mtu wa Musoma aliweza kupanda meli mjini kwake akashukia nchi nyingine.

Jumuiya ilipovunjika 1977, meli nazo ziligawanywa kama vyombo vya ndani vya wanandoa walioachana. Victoria ikabaki Tanzania, na umaarufu wake ukawa safari ya Mwanza na Bukoba. Ule mzunguko wa nchi tatu ukafa, na Musoma ikawa kituo ambacho hakuna safari inayokipitia. Leo ukienda Mwigobero utakuta mitumbwi ya injini inayobeba watu na mizigo kwenda visiwani, na dagaa. 

Ukweli usemwe pia: Musoma haikuwahi kuwa Mombasa. Hakukuwa na mahoteli yamejipanga ufukweni yakabomolewa. Na kero ya kuogelea haihusiani na 1977. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na wenyeji wakikwambia usijitose popote, wanakupenda. Lakini kuna tofauti kati ya mji mdogo ulio njiani na mji mdogo ambao njia imeondolewa.

Lami iliyoishia mahakamani

Mwaka 2010 ilionekana kama bahati imerudi. Serikali ikasema itajenga barabara kuu kutoka upande wa Musoma, kupitia Natta na Mugumu, kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kwenda Loliondo mpaka Mto wa Mbu. Musoma na Arusha zingeunganishwa.

Dunia ikalipuka. Wanasayansi walisema barabara yenye malori ingekata njia ya nyumbu wanaohama, na hoja yao ilikuwa nzito. Shirika moja la kutetea wanyama lenye makao Nairobi likafungua kesi, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi.

Angalia mahakama hiyo ni ya nani. Ni ya Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Jumuiya ya kwanza ilipokufa, Mara ilipoteza mpaka na meli. Ya pili ilipofufuka, mahakama yake ikazuia lami. Kwa nyumbu ulikuwa uamuzi mzuri. Kwa mama wa Mugumu anayetaka kufikisha mgonjwa au mzigo upande wa pili, kero ilibaki palepale, na hakuna aliyemposti.

Butiama: ukawaida ndiyo habari yenyewe

Wengi wanaenda Butiama wakitegemea ikulu ndogo. Rais wa kwanza, Baba wa Taifa, miaka zaidi ya ishirini madarakani. Lazima kuwe na jumba la kuacha mdomo wazi. Wanakuta Mwitongo: majabali, miti, pimbi wanakimbizana juu ya mawe, nyumba aliyojengewa na jeshi, makumbusho yaliyofunguliwa 1999, na kaburi. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa hapa tarehe 23. Wiki chache baadaye ndipo ule mkataba wa Jumuiya mpya uliposainiwa. Hakuuona.

Mgeni akisema "ni kijiji tu," hajakosea. Alipozaliwa 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, kilikuwa kijiji. Mwaka 1934 alipoanza shule ya Mwisenge, Musoma, ilikuwa zaidi ya kilomita 40 kutoka nyumbani. Alipoacha urais 1985 alirudi hapo kulima. Kwingineko Afrika, kijiji cha rais kilijengewa kanisa kubwa, hoteli ya kifahari, uwanja wa ndege wa kutua ndege kubwa. Yamoussoukro ya Félix Houphouët-Boigny na Gbadolite ya Mobutu ni mifano. Butiama ilibaki Butiama, na uwanja wa ndege wa Musoma wenyewe kwa miaka mingi ulikuwa wa changarawe.

Hapa wenyeji wamegawanyika, na wote wana haki. Kuna wanaotembea kifua mbele: mzee hakuiba nchi kuipeleka kwao. Na kuna wanaosema kwa uchungu: hakuiba, sawa, lakini hata haki yetu ya kawaida ilichelewa, tukaonekana tunapendelewa huku hatuna kitu. Mgeni akisimama pale kaburini akaondoka na "hamna kitu," amepita katikati ya ubishi mkubwa kuliko yote wa siasa za nchi hii bila kuusikia.

Kero ya mgeni, kero ya mwenyeji

Urudipo Mwanza utapita tena Bunda, kwenye vijiji vilivyopakana na hifadhi. Mgeni anakasirika kwa sababu hakuona tembo. Mkulima wa pale anakasirika kwa sababu amewaona, usiku, katikati ya shamba lake la mahindi. Jirani na ziwa, serikali iliamua kuwahamisha wakazi wa kata ya Nyatwali ili eneo lao liwe sehemu ya hifadhi na wanyama wapate njia ya kufika majini. Wale watu kero yao haiishi siku likizo inapoisha. Wao wanahama kabisa.

Kwa hiyo anayekwenda Mara aende, tena aende Juni kama anataka nyumbu wa Grumeti. Wachangie gari watu sita. Butiama amtafute mzee wa palepale, akae naye chini, amuulize swali moja tu: Mwalimu aliwatendea haki watu wa kwao? Picha atapata, lakini jibu ndilo atakalorudi nalo.